Seva Iliyokula Vifaranga

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba seva ya ofisini kwetu Tunduma inakula vifaranga. Sisemi nilisikia. Nasema niliamini, kwa moyo wote, mimi mtu mzima mwenye cheti cha kompyuta kilichogongwa muhuri.

Habari hiyo alinipa mlinzi wetu pale Chapwa. Alimwona Mwalimu, fundi wetu mkuu, akiingia ofisini na boksi lenye matundu, ndani yake vifaranga wanalia, akanyoosha nalo hadi chumba cha nyuma ambako seva ilikaa, akafunga mlango. Akatoka mikono mitupu. Baada ya muda likaja boksi jingine, likaingia vilevile. Vifaranga wakitoka hakuna aliyewahi kuwaona.

"Wewe unadhani ile mashine inatoa majibu bure?" mlinzi aliniuliza.

"Si inatumia umeme?"

"Umeme ni wa taa, ndugu yangu. Sasa hivi inakula vifaranga. Ikizoea itataka mbuzi. Ikimaliza mbuzi, tutaanza kutazamana humu ndani."

Nikahamisha kiti changu mbali na mlango ule. Na kwa kuwa sina tabia ya kula habari tamu peke yangu, niliisambaza kutoka Chapwa hadi stendi, na ikavuka mpaka bila kibali. Siku moja mbadilisha fedha mmoja wa Nakonde alinisalimu, "Mulishani!" na kabla sijaitikia akauliza kama mashine yetu imeshafika kwenye mbuzi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Leo nikiikumbuka hiyo habari kicheko kinaanza vizuri, kisha kinanikaba katikati, kwa sababu sasa najua wale vifaranga walikuwa wa nini.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Sawa, hakuwa mrefu hivyo, ila wembamba wake ulimwongezea. Alivaa sweta la kijivu mwaka mzima, na baridi ya Tunduma ya mwezi wa sita ilimkuta amejiandaa tangu Januari. Neno lake lilikuwa samahani. Akiingia samahani, akitoka samahani. Akigonga kiti kwa goti, alikiomba kiti radhi. Lori liliwahi kummwagia matope pale karibu na mzani, na badala ya kutukana kama mtu mwenye akili timamu, aliinua mkono na kumwambia dereva, "Samahani, nilisimama vibaya." Dereva alishuka kuja kumtazama vizuri. Alidhani anadhihakiwa.

Nilimfahamu darasani kwanza, kabla hatujawa ofisi moja. Alifundisha masomo ya jioni ya kompyuta, kwenye chumba cha kuazima katika shule ya sekondari. Tulikuwa wanafunzi kama elfu mbili kwa kompyuta moja. Haya, tulikuwa thelathini na kitu, lakini kompyuta ilikuwa moja kweli, na wengine tulichapa kwenye kibodi aliyoichora juu ya boksi la sabuni. Mimi nilikuwa utingo wa malori. Kulikuwa na mama lishe, mgambo, wabadilisha fedha, na mzee mmoja wa Mbebe aliyekuja mjini kuuza viazi akakuta darasa, akabaki. Wote alituita "mheshimiwa", hata mgambo ambaye asubuhi alikuwa amemfukuza mama lishe kando ya barabara.

Alianza kila kipindi kwa kuita majina. Walimu wote huita majina, najua, lakini kwa wengine asiyeitika huwekewa alama ya kutokuwepo, maisha yanaendelea. Mwalimu yeye, asiyeitika alimfuata. Mimi alinifuata hadi yadi ya malori, akanikuta chini ya tela napaka grisi.

"Mheshimiwa, jana hukuitika."

"Mwalimu, jana nilikuwa kule Mpemba tunasukuma lori."

"Samahani kwa kukusumbua kazini. Nilitaka tu nijue uko wapi."

Madereva waliangua kicheko. "Utingo ana askari wake! Kaibiwa nani?" Nilimchukia siku ile, na kesho yake nikawahi darasani kabla hajafungua mlango. Alikuwa na msemo wake: "Anayefeli namjua alipo. Ananitisha ambaye hayupo." Tuliuandika, kwa sababu kila alichosema tulikiandika, tukidhani kitatoka kwenye mtihani.

Kitu kingine alichotufundisha ni kulitaja kosa. Ukimwambia, "Mwalimu, imegoma," hakusogea. Alikaa na mikono yake kwenye mifuko ya sweta, akauliza, "Nini kimegoma? Wapi? Ulikuwa unafanya nini?" Mpaka uliseme kosa kwa jina lake kamili, hakugusa kompyuta. "Kosa likishatajwa," alikuwa akisema, "nusu ya kazi imeisha. Lisipotajwa linabaki na wewe." Nilimaliza masomo nikiwa najua mambo mawili tu kwa hakika, kuitika jina langu na kutaja makosa ya watu wengine.

Nikapata kazi kwa sababu yake. Mwenye malori yetu, Hajati, mama wa Kondoa aliyeanza na lori moja bovu akafika kwenye malori nisiyoweza kuyahesabu, alikuwa amechoshwa na karatasi zinazokosewa mpakani. Akafungua ofisi ya programu. Akamchukua Mwalimu awe fundi mkuu, na Mwalimu akamwomba radhi kwa kumwambia kwamba anahitaji wasaidizi, na mmoja wa wasaidizi hao nikawa mimi. Nilitoka chini ya tela nikaingia kwenye kiti kinachozunguka. Mwezi wa kwanza nilizunguka mpaka nikapata kichefuchefu.

Sasa lazima nieleze kazi yenyewe, na nitajitahidi nisitie chumvi. Tulitengeneza programu za mawakala wa forodha, za wenye maghala na za maduka ya jumla. Programu ilikuwa moja, lakini kila mteja alikuwa na toleo lake: huyu anavusha saruji, yule mahindi, mwingine kuku. Kila tulipobadilisha kitu, hata neno moja, ile seva ya chumba cha nyuma ilisoma maelekezo ya kila mteja, ikaamua kuna kazi zipi za kufanya, kisha ikatengeneza toleo la kila mteja upya na kulijaribu. Toleo likifaulu, jina la mteja liliwaka kijani kwenye skrini kubwa ya ukutani, na mteja akatumiwa. Likishindwa, liliwaka jekundu, nasi tukakimbia kulitengeneza.

Ile hatua ya kwanza, ya kusoma maelekezo na kupima kazi zipi zipo, Mwalimu aliiita kuita majina. Ndiyo iliyotutesa. Seva ilikuwa ikisoma kila kitu upya hata kwa wateja ambao hakuna kilichobadilika kwao. Ungeweza kwenda kunywa chai, ukamaliza, ukaoa, ukarudi, bado inaita majina. Mwalimu aliifundisha ikumbuke: ambaye maelekezo yake hayajaguswa, itumie jibu la mara iliyopita. Kasi ikaongezeka tukashangilia.

Lakini likabaki tatizo kubwa zaidi. Maelekezo ya mteja mmoja yakiwa na kosa, seva ilisimama palepale, ikakataa kuendelea na wengine wote. Siku moja duka la saruji lilisimamisha ofisi nzima kwa sababu ya mabano yasiyofungwa. Hajati alikuja na mtandio wake umekaa upande.

"Mwalimu, duka moja limekosea, na wateja wangu wote wamesimama?"

"Samahani, Hajati. Ndivyo ilivyoundwa."

"Iliundwa na nani, nimfuate? Hata pale barabarani, lori lenye karatasi mbovu linawekwa pembeni, wenzake wanapita. Au mmesoma sana mpaka foleni hamuijui?"

Hakuna mtu wa Tunduma asiyeijua foleni. Tumezaliwa ndani yake, tunakula ndani yake, wengine tumechumbia ndani yake. Mwalimu alitazama dirishani, malori yamejipanga kuelekea mpakani, akasema polepole, "Kuweka pembeni. Hilo ni jambo zuri."

Akalifanya. Kila kazi ikapimwa peke yake. Yenye kosa iliwekwa pembeni, nyingine zikapita. Hajati alituletea soda na sambusa, akasema sasa tumeanza kufikiri kama wasafirishaji. Hata mimi nilijiona msafirishaji. Skrini ikawa ya kijani kuanzia juu mpaka chini, kama shamba la ngano wakati wa mvua, na hakuna kati yetu, si Mwalimu, si mimi, si yeyote, aliyejiuliza zile zilizowekwa pembeni zinaonekana wapi.

Hazikuonekana popote. Lori likiwekwa pembeni pale mpakani lina dereva. Dereva atapiga honi, atatukana, atampigia simu tajiri wake, atalia, atafanya kila kitu mpaka lori lake likumbukwe. Sisi tuliikopa foleni yote tukasahau kumkopa dereva. Kazi ikiwekwa pembeni kwenye seva yetu, jina lake lilitoweka kwenye skrini, na lisilokuwepo haliwezi kuwaka jekundu.

Igamba kulikuwa na mama mmoja, Mama Tumaini, aliyetotolesha vifaranga kwa mashine ya mafuta ya taa. Alikuwa ameuza kwa muda mrefu sokoni, boksi mojamoja, mpaka akapata mnunuzi mkubwa ng'ambo, mtu wa Nakonde aliyetaka mzigo wa kwanza aone kama mama huyu anaaminika. Mama akaweka kila alichokuwa nacho kwenye mzigo ule. Wakala wake alikuwa mteja wetu. Fomu ya kuvushia ndege hai ilikuwa imebadilishwa, nasi tulikuwa tumeshairekebisha kwa wateja wote, na skrini ilikuwa kijani tupu. Ila kwenye maelekezo ya wakala yule kulikuwa na kosa dogo la kuandika. Seva ikamweka pembeni kimyakimya. Akabaki na programu ya zamani, akachapisha fomu ya zamani, fomu ikarudishwa kwenye dirisha la forodha.

Wakala alipiga simu kesho yake mchana. Mwalimu alitazama skrini, akatafuta jina la wakala, hakulikuta. Nilimwona akianza upya kutoka juu, kidole kikishuka jina kwa jina. Kisha akavua sweta. Sijawahi kumwona bila sweta kabla ya siku ile.

"Hayupo," alisema. "Mheshimiwa, hayupo kabisa."

Tulimtengenezea fomu sahihi tukakimbia nayo wenyewe kwa miguu hadi mpakani, kwa sababu foleni haikuruhusu gari. Tulichelewa. Maboksi yalikuwa yamekaa juani tangu jana yake, na Mama Tumaini alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kitenge kimetandazwa mapajani, akichambua waliokuwa hai na kuwaweka humo. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka kama wa mtu anayechambua mchele. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka. Wakala alisimama kando, akipanguza jasho.

"Nimeshamwambia mama," alitunong'oneza. "Ni mtandao."

"Mtandao huu!" Mama Tumaini alisema bila kuinua macho. "Utatumaliza."

Mwalimu alichuchumaa mbele yake. Nilimsikia akisema, "Mama, samahani," na mimi, kwa kuwa sikutaka kusikiliza, nikaenda kutafuta maji ya vifaranga. Niliporudi, Mwalimu alikuwa amesimama na boksi mkononi, la wale waliosalia, na mama alikuwa anamshukuru. Nikajua wameshaelewana. Nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na hayakuja.

Hakuna aliyetafuta nani alikosea kuandika. Mmoja wetu alitaka kutafuta, Mwalimu akamzuia. "Kuandika vibaya ni kwa kila mtu," alisema. "Kunyamaza ni kwangu. Mimi ndiye niliyeifundisha inyamaze." Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko angenipiga kofi: "Watoro nawafuata mpaka chini ya matela. Huyu mmoja sikumfuata."

Alikaa na ile seva siku nyingi, akila kwenye kiti. Alipomaliza, kila ilipoita majina, ililinganisha na majina ya mara iliyopita. Aliyekuwepo jana na leo hayupo alitajwa kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za walioshindwa, pamoja na sababu: kosa gani, mstari wa ngapi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa Tunduma, akaunganisha spika ikapiga honi ya lori.

Honi ya lori, ndani ya chumba! Mara ya kwanza ilipolia, Hajati alikuwa ameshika kikombe. Chai ilifika darini.

"Mwalimu! Utatuua kwa presha!"

"Samahani, Hajati. Sasa kila kazi ina dereva wake."

"Si umpunguze sauti huyo dereva?"

"Nitakupunguzia kila kitu, Hajati. Hicho hapana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikataa. Hajati naye hakuamini. Aliniangalia mimi kana kwamba nimemfundisha. Tangu hapo ofisi yetu haikumpoteza mteja hata mmoja kimyakimya. Waliopotea walipotea kwa kelele, na mtaa mzima ulijua.

Vifaranga walianza kuingia ofisini baada ya hapo. Mimi sikuunganisha mambo haya mawili. Ndiyo maana nasema cheti kina muhuri, hakina zaidi ya hapo. Nilijua Mwalimu anakwenda Igamba mara kwa mara, na nilijua mashine inakula vifaranga, lakini kichwani mwangu habari hizo ziliishi nyumba tofauti.

Niligundua asubuhi moja ya baridi kali, umeme ulipokatika ukarudi, nikatumwa kuwasha seva. Nilisimama mlangoni nikisali sala zote ninazozijua, za kwetu na za jirani. Nikaingia kinyumenyume. Nyuma ya seva, pale feni inapotoa hewa ya moto, kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi vifaranga wamelala wamejibana, wanono, wenye afya kuliko mimi. Joto la mashine lilikuwa linawalea. Mwalimu alinikuta nimechuchumaa.

"Kumbe haiwali?"

"Haiwali nini, mheshimiwa?"

Ikabidi nimweleze habari ya mlinzi, ya mbuzi na ya Nakonde. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea acheke au anifokee. Akashusha mabega, akasema, "Samahani. Ningekuambia mapema, usingeogopa."

Yaani mimi nimemchafulia jina nchi mbili, halafu ananiomba radhi yeye! Nilitaka sakafu inimeze na seva inimalizie.

Akanieleza, kwa aibu, kwamba anawanunua kwa Mama Tumaini kila anapototolesha, nyumbani kwake hakuna joto la kutosha, na wakiota manyoya anawatoa alfajiri, kabla mlinzi wa mchana hajaingia zamu. Aliwagawa. Aliwapa wanafunzi wa jioni, majirani, mama lishe. Ukimkuta jogoo Chapwa leo, kuna uwezekano mkubwa babu yake alilelewa na kompyuta. Na huyuhuyu ndiye aliyekuwa akitukataza kuingia na hata karanga kwenye chumba cha seva, eti vumbi. Nilimuuliza kuhusu manyoya. "Najua," alisema. "Nafuta kila siku. Ni makosa, najua."

Alikuwa na mambo yasiyoshikana hivyo. Bahili wa taa, alizima hata uliyokuwa unaisomea, kisha anakupa nauli bila kuombwa. Kosa lako alilitaja kwa upole mpaka ukaona umesifiwa. Akisifiwa yeye, alikuwa kama mtu aliyeshitakiwa. Kampuni moja ya Dar iliisikia habari ya ule mfumo wetu wa kuita majina, ikamtaka aende, mshahara wa kumfanya mtu aongee peke yake njiani. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, na mimi nikatoa hotuba iliyowaliza watu watatu, mmoja wao mimi. Jumatatu yake tukamkuta kwenye kiti chake.

"Mwalimu, si umeondoka?"

"Samahani, mmejisumbua na sherehe. Vifaranga atanunua nani?"

"Watu watanunua! Igamba yote wanakula kuku!"

"Siku mama yule atakapovusha mzigo wake tena ng'ambo," alisema, "siku hiyo nitapumzika." Akavuta kibodi. Alichotaka duniani kilikuwa hicho kimoja, na aliisubiri siku hiyo kama mgonjwa anavyosubiri kuambiwa arudi nyumbani.

Nilikuja kuhama, nikafungua kiofisi changu Vwawa, chenye mafundi mia. Wawili. Kwenye seva yangu niliweka honi. Mwalimu akastaafu, nikawa namsikia kwa watu tu, na kila niliposikia nilisema nitakwenda kumwona, na kila niliposema nilikuwa na kazi. Mwaka uliopita nilipita Igamba kwa shughuli ya ghala la kahawa, na mbele ya nyumba moja yenye mabanda marefu nikaona sweta la kijivu juu ya ngazi. Alikuwa anapigilia wavu. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe.

"Mheshimiwa!" aliita. "Samahani, siwezi kushuka haraka."

Mama Tumaini alitoka ndani akiwa amejifunga kanga kiunoni, akakataa kabisa niondoke bila kula. Alikuwa na uso wa mtu ambaye mambo yanamwendea. Kibandani kulikuwa na maboksi yenye matundu yamepangwa, na nilipouliza ya wapi, alisema kwa sauti ya kujizuia kufurahi, "Ng'ambo. Wiki iliyopita tumevusha ya kwanza. Imefika yote, hai."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anaosha mikono, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Chakula kikaja, ugali na kuku wa kuchemsha. Mama akachukua bakuli mwenyewe, akatafuta ndani kwa kijiko, akaipata firigisi, akamwekea Mwalimu. Nyumbani kwao, kama kwetu, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwalimu aliinamisha kichwa, akaitafuna taratibu, akaimeza na maji.

"Huyu ndugu yako," Mama Tumaini aliniambia, "Mungu alimleta siku ile mtandao uliponimaliza. Watu wote walinikimbia, yeye akanunua hata waliokuwa wanakaribia kufa. Na hajaacha. Ngoja niwaongezee mchuzi."

Alipoingia jikoni nilimsogelea Mwalimu. Nilikuwa na furaha ya kugawa.

"Mwalimu, sasa pumzika. Mzigo umevuka. Na yale mengine mama alishakusamehe tangu siku ile mliyoongea pale mpakani. Unaona mwenyewe anavyokuheshimu."

Alipanguza vidole kimoja kimoja. Aligeuka kutazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Hatukuongea, mheshimiwa. Nilisema samahani, akadhani nampa pole. Nikanyamaza." Akasogeza bakuli kando. "Hajui kitu. Anadhani napenda kuku."